Namna Nzuri ya Kufeli Usaili Ukiwa Bado Sumbawanga

Kama ni lazima ufeli usaili, felia Sumbawanga. Usiende kufelia Dar es Salaam. Kutoka hapa hadi kule ni zaidi ya kilomita elfu moja za basi: Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro. Na tangazo la serikali la kuitwa kwenye usaili limekwisha kukuambia kwamba kila msailiwa atajigharimia chakula, usafiri na malazi. Nauli umechangiwa na dada yako. Viatu ni vya kuazima. Unaingia chumbani, unaulizwa swali la programu ulilolifanya mara kumi chuoni, unaona giza, na baada ya dakika ishirini uko nje unaulizia basi la kurudi. Hiyo ni njia ghali mno ya kugundua kwamba huwezi kufikiri na kuongea kwa wakati mmoja. Ugunduzi huohuo unapatikana hapa Mazwi kwa chai na chapati mbili.

Kwa hiyo leo tunajifunza kufeli: mapema, mara nyingi, mbele ya watu wachache, bila nauli. Nakuandikia wewe uliyemaliza MUST kule Mbeya, UDOM au Kijitonyama, ukarudi Ufipa kusubiri mkeka utoke. Najua una akili. Najua pia unajipenda na hutaki kuonekana mjinga mbele ya mtu. Usijirekebishe, hilo la kujipenda ndilo tutakalolifanyia kazi.

Hatua ya kwanza: tafuta jicho la kukutazama

Unadhani unafeli kwa sababu hujui. Mara nyingi si kweli. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani, wakishirikiana na Microsoft, waliwapa wanafunzi 48 wa sayansi ya kompyuta swali la programu walitatue ubaoni. Wengine walilifanya huku msaili amesimama anawaangalia na wao wakitakiwa kueleza wanachofikiri. Wengine waliachwa chumbani peke yao. Swali ni lilelile. Waliotazamwa, alama zao ziliporomoka kwa zaidi ya nusu. Na katika kundi hilo dogo, wanawake wote walioachwa peke yao walilipata swali. Wanawake wote waliotazamwa walilikosa.

Soma tena hiyo aya, kisha uache kujifungia chumbani na laptopu. Kilichokosekana kwenye maandalizi yako si kitabu kingine. Ni jicho la mtu, na jicho halihitaji digrii.

Mchukue mjomba wako, yule mwalimu mstaafu wa Kizwite asiyejua programu hata moja. Mketishe upande wa pili wa meza. Mpe simu yenye saa ya kuhesabu dakika thelathini, na umfundishe maswali matatu tu: "Unafikiria nini sasa hivi?" "Kwa nini umefanya hivyo?" "Hakuna njia ya haraka zaidi?" Mwambie asicheke, asikusaidie, na kila baada ya muda aandike kitu kwenye karatasi bila kukuonyesha. Mwalimu mstaafu ataifanya kazi hiyo kwa raha zote. Ndani ya dakika tano utatokwa jasho kwenye baridi ya Julai, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza.

Usimchague mama, atakuonea huruma akuletee uji katikati ya swali. Usimchague mchumba, kwa sababu utaanza kujionyesha. Usimchague yule uliyemzidi darasani, kwa maana atalipiza. Na kama wewe ni dada, usikubali kuanza na jopo la kaka watano waliojaa ushindani. Anza na jicho moja linalokutakia mema, uongeze la pili wiki inayofuata.

Mjomba akishakuzoea, tafuta anayejua kazi: yule mliyesoma naye ambaye sasa yuko benki au kampuni ya simu. Mwombe nusu saa ya simu ya video, Jumamosi. Atakubali. Watu hupenda kuombwa wawe wasaili, na wewe unayejipenda unalielewa hilo vizuri.

Hatua ya pili: pika kande

Liko swali moja la zamani ambalo wasaili duniani kote hulitumia kuwachuja wasiojua kabisa. Wao huliita FizzBuzz. Sisi tulipike kinyumbani. Andika programu inayotaja namba kutoka 1 hadi 100. Kila namba inayogawanyika kwa 3, badala yake iandike "mahindi". Inayogawanyika kwa 5, iandike "maharage". Inayogawanyika kwa zote mbili, iandike "kande".

Unacheka? Chukua chaki, simama ubaoni, mjomba akiwa nyuma yako, uandike. Nakuhakikishia mara ya kwanza utauliza habari ya 3 kabla ya 15. Ukifika kwenye 15, programu itasema "mahindi", itaendelea na safari, na kande haitapikwa hadi mia inaisha. Ilipaswa kutokea mara sita. Mtu mwenye digrii amekosa kande mbele ya mjomba wake! Vizuri sana. Umefeli swali rahisi kuliko yote ukiwa Sumbawanga, na hutalifeli tena popote.

Ubao ni muhimu. Ukiandika kwenye laptopu, mashine inakumalizia maneno, inakupigia mstari mwekundu, inakuambia ulipokosea. Ubao hausemi kitu. Omba shule ya jirani darasa moja baada ya saa za masomo. Mwalimu mkuu ukimwendea kwa adabu atakupa, na chaki atakuongezea. Ukikosa ubao, karatasi na kalamu zinatosha.

Hatua ya tatu: desa kwa heshima

Sasa njia ya mkato, maana najua uliisubiri. Maswali ya programu yanaonekana maelfu, lakini maumbo yake ni machache. Desa maumbo, usidese majibu. Anayekariri majibu mia mbili hutekwa na swali la mia mbili na moja. Anayejua maumbo kumi na mawili huanza kulitambua swali kabla msaili hajamaliza kulisoma. Huo ndio wizi unaoruhusiwa, na wengi walio ndani ya kampuni unazoziomba kazi waliufanya.

Chukua umbo la kwanza. Una orodha ya bei 1,000 za mazao, na una fedha kamili mfukoni. Tafuta bei mbili ambazo jumla yake ni fedha hiyo. Anayekwenda kwa pupa atajaribu kila jozi: jozi 499,500. Mwenye desa safi anapita mara moja tu, na kila bei anayoipita anaiweka kwenye jedwali la kutafutia, lile ambalo kwenye Python linaitwa dict, huku akiuliza: je, pacha wa bei hii nimekwisha kumpita? Hatua 1,000 badala ya karibu nusu milioni. Umbo hilo moja litakufungulia maswali mengi mno.

Umbo la pili ni kutafuta kwa kugawa katikati. Majina milioni moja yakiwa yamepangwa kwa alfabeti, unampata unayemtaka kwa kuangalia mara 20 tu, kwa sababu kila ukiangalia unatupa nusu. Sharti ni moja, na ndilo msaili anasubiri ulisahau: majina lazima yawe yamepangwa.

Umbo la tatu ni foleni, na hapa Ufipa hakuna anayehitaji kufafanuliwa foleni ni nini. Malori ya mahindi yamejipanga kwenye ghala la NFRA. La kwanza kufika ndilo la kwanza kupimwa. Andika programu. Ukimaliza, mjomba akubadilishie: sasa lori lenye mahindi yaliyolowa lipite mbele. Utafanyaje bila kupanga foleni yote upya? Mwambie afanye hivyo kila mara, akubadilishie swali ukiwa katikati. Wasaili wa kweli hufanya vivyo hivyo. Hawana chuki na wewe. Wanataka kuona kama programu yako inavumilia kubadilishwa.

Usisahau maswali ya kazi yenyewe. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo kila mfumo wa fedha hapa nchini unakutana na mteja yuleyule: mtandao umesuasua, amebonyeza "tuma" mara mbili. Utazuiaje asikatwe mara mbili? Jibu ni kwamba kila muamala upewe namba yake ya pekee tangu unapoanza, na mfumo uangalie kama namba hiyo ilikwisha kushughulikiwa kabla ya kugusa salio. Anayelieleza hilo kwa utulivu, akaongeza na nini kitatokea umeme ukikatika katikati ya kazi, amewapita wengi waliokariri miti na matawi yake.

Hatua ya nne: acha adabu ya kunyamaza

Umelelewa vizuri. Mkubwa akiuliza, unatulia, unafikiri, unajibu ukiwa na jibu kamili. Kwenye usaili wa programu malezi hayo mazuri yatakumaliza. Msaili anaona mtu amenyamaza dakika nne. Hajui kama unafikiri, umezimia au unasali. Hawezi kukupa alama kwa kilicho kichwani mwako.

Jifunze kusema kila kitu. "Naanza na njia ndefu, halafu nitaifupisha." "Hapa nahofia orodha ikiwa tupu." "Nimekosea, narudi nyuma." Rudia swali kwa maneno yako kabla ya kugusa chaki, na uombe mfano. Mara ya kwanza utajisikia unamkosea adabu mtu mzima. Sema hivyo hivyo.

Fanya kwanza kwa Kiswahili. Wengi hudhani tatizo lao ni Kiingereza, kumbe wazo lenyewe halijanyooka. Likinyooka kwa Kiswahili mbele ya mjomba, lirudie kwa Kiingereza siku inayofuata. Sentensi ni fupi na zinajirudia. Kwa wiki chache utakuwa nazo mdomoni.

Na jifunze kusema hujui. Hili ndilo linalotuuma sisi wapenda sifa. Usikae na "sijui" tupu, wala usibuni. Sema: "Hilo sijawahi kulifanya. Ningeanza kwa kuangalia hiki na hiki." Itamke kwa sauti ya mtu ambaye hajafumaniwa. Mwombe mjomba akuulize jambo usilolijua kila kikao, makusudi kabisa.

Hatua ya tano: kata umeme

Kwa miaka mingi Rukwa ilitegemea umeme ulionunuliwa Zambia na majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, kwa hiyo huhitaji kufundishwa kukatika kwa umeme. Unahitaji kujizoeza nako. Katikati ya usaili wa simu ya video, mwambie mdogo wako azime intaneti bila taarifa. Utafanya nini? Namba ya msaili uliiandika wapi? Simu ya akiba ina bando? Anayepiga ndani ya dakika mbili na kusema, "Samahani, umeme umekatika, naendelea kwa simu, tuliishia kwenye foleni ya malori," ameshapata alama ambayo haikuwa kwenye mtihani.

Siku ya mwisho ya mazoezi vaa nguo utakazovaa siku yenyewe. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi juu ya bahari, na suti nzito inayokupendeza hapa itakulowesha ukifika Dar. Na kama usaili ni wa video, asubuhi ya Julai, vaa fulana ya joto ndani. Meno yakigongana, watadhani unawaogopa.

Hatua ya sita: ufanye uongo wa CV uwe kweli

Uliandika kwamba wewe ni mtaalamu wa lugha nne za programu na hifadhidata tatu. Najua. Sikuhukumu, lakini sasa chukua CV hiyo, mpe mjomba, naye aweke kidole kwenye kila mstari na kusema: "Nieleze hiki." Kila mstari utakaokufanya ukohoe una njia mbili. Ufute leo. Au utengeneze, kabla ya Ijumaa, kitu kidogo kinachoufanya uwe kweli: programu ya kuhesabu magunia ya mama, daftari la wadeni wa duka, chochote kinachofanya kazi na ambacho unaweza kukifungua mbele ya msaili. Mradi mdogo ulioumaliza hujibu maswali mengi kuliko mradi mkubwa wa kikundi chuoni ambao wewe uliandika jalada.

Vyeti navyo. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira una mchujo, una vitendo kwa kada kama yako, una mahojiano, na mlangoni wanataka vyeti halisi na kitambulisho. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliki badala ya cheti. Jina likitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, shughulikia sasa. Wapo wanaofeli kabla ya kuulizwa swali hata moja, na huko ndiko kufeli kusikofundisha kitu.

Mambo mawili madogo

La kwanza ni la uchawi. Ukisema unatoka Sumbawanga, kuna msaili atakayecheka na kukuuliza kama ulikuja kwa ungo. Andaa jibu fupi la uchangamfu, ulitamke kwa tabasamu, kisha uzungumzie maporomoko ya Kalambo au mahindi yetu. Usikasirike na usitoe hotuba.

La pili ni saa. Kampuni ya Ujerumani ikisema saa 10:00 ya kwao, kwetu ni saa sita mchana wakati wa baridi yao, na saa tano asubuhi wakati wa kiangazi chao. Andika zote mbili ukutani.

Hatua ya saba: rudisha tanurini

Wafua chuma wa Ufipa walijenga matanuri marefu ya udongo, malungu, yaliyomzidi mtu kimo. Lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimejaa takataka, nao hawakukitupa wala kukifulia jembe. Walikipeleka kwenye tanuri dogo, wakakivukuta tena, ndipo kikafaa nyundo. Fanya hivyo na kila swali ulilofeli. Chukua daftari. Usiku huohuo andika swali, mahali ulipokwama, na maneno uliyoyasema ulipokwama. Kesho yake lifanye peke yako, taratibu, bila jicho, hadi liishe. Siku ya tatu lirudishe mbele ya mjomba, lilelile. Wengi huishia tanuri la kwanza: wanafeli, wanaona aibu, wanahamia swali jipya. Mwezi ukiisha wana maswali thelathini waliyoyafeli na hakuna hata moja walilolifaulu.

Siku ikifika ukafeli usaili wa kweli, bado uko kwenye mpango. Mwaka 2009 Brian Acton, aliyekuwa amefanya kazi Yahoo zaidi ya miaka kumi, aliomba kazi Facebook akakataliwa. Twitter nao wakamkataa. Akaungana na Jan Koum kuijenga WhatsApp, ambayo Facebook ilitangaza mwaka 2014 kuinunua kwa dola bilioni 19. Mwaka 2015 Max Howell, aliyetengeneza Homebrew iliyokuwa ikitumiwa na wahandisi wengi wa Google, alisema hadharani kwamba Google walimkataa baada ya kushindwa kugeuza mti wa matawi mawili ubaoni. Usijilinganishe nao ukalala. Chukua somo moja tu kwao: usaili hupima usaili, na ni kazi ya pekee yenye mazoezi yake. Kwa hiyo ukitoka chumbani, kabla hujapanda basi, andika maswali yote unayoyakumbuka. Kisha mwandikie aliyekusaili, kwa adabu, umwombe akuambie jambo moja la kurekebisha. Wengi hawatajibu. Mmoja akijibu, umelipwa nauli.

Na mkeka ukitoka jina lako limo, nina ombi. Daftari la maswali usiondoke nalo. Piga picha kurasa zake na umwachie anayefuata mtaani kwako, kaka au dada, anayesubiri kama ulivyosubiri. Ukirudi likizo Desemba, mtafute, mketishe mbele yako dakika thelathini, umtazame bila kumsaidia. Mjomba amechoka, na mkoa huu unahitaji wasaili wengi zaidi.